Mwongozo wa Kuchelewa kwa Heshima Kwenye Mbio za Akili Mnemba

Wahenga walituachia onyo: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Onyo hilo ni la kweli kwenye uchumba, kwenye kupanda mahindi na kwenye basi la alfajiri la kwenda mkoani. Kwenye programu za akili mnemba si la kweli, na mwongozo huu umeandikwa kulithibitisha hilo.

Ni mwongozo wako wewe uliyeulizwa na mpwa wako mbele za watu, "Mjomba, hadi leo hujaingia ChatGPT?" ukakosa pa kutazama. Ni wako wewe shangazi ambaye picha yako ya WhatsApp bado ni ile ya harusi ya mwaka juzi, kilemba kimeinama upande, ilhali ukoo mzima umeshageuka vikaragosi vya Kijapani, kisha wanasesere ndani ya maboksi ya plastiki, kisha sanamu ndogo za kuweka mezani. Inua kichwa. Umechelewa vizuri, na hapa utajifunza kuchelewa vizuri zaidi.

Kwanza zijue mbio zenyewe. Novemba 30, 2022, kampuni ya OpenAI ya San Francisco iliiweka ChatGPT mtandaoni bure. Katika siku 5 watu milioni 1 walikuwa wamejiandikisha. Benki ya UBS ilikadiria kwamba Januari 2023 watumiaji walifika milioni 100 kwa mwezi. TikTok ilihitaji miezi kama 9 kufika hapo, na Instagram miaka 2 na nusu. Oktoba 2025 mkuu wa kampuni hiyo, Sam Altman, alitangaza watumiaji milioni 800 kila wiki. Ukizisoma tarakimu hizo kwa pupa utadhani basi limeondoka na wewe umebaki stendi na begi lako. Lakini basi hili hurudi stendi kila baada ya miezi michache, viti vimeongezwa na nauli imeshuka. Aliyekimbilia safari ya kwanza ndiye aliyesimama njia nzima.

Liache wimbi la kwanza lipite

Programu hizi huja kwa mawimbi, na karibu kila wimbi lina chambo kilekile: uso wako.

Desemba 2022 ilikuwa zamu ya Lensa, ya kampuni ya Prisma Labs. Uliipa picha zako kati ya 10 na 20, ukalipa dola chache, nayo ikakurudishia wewe ukiwa mwanaanga, malkia wa msituni au shujaa wa sinema. Ilipanda hadi kileleni mwa orodha ya App Store ya Marekani. Melissa Heikkilä, wakati huo mwandishi wa jarida la MIT Technology Review, mwenye asili ya Asia, aliipa picha zake za kawaida akarudishiwa rundo la picha akiwa nusu uchi. Wenzake wa kiume walirudishiwa wakiwa wanaanga na wavumbuzi. Sababu inajulikana. Mashine hujifunza kutokana na mabilioni ya picha zilizozagaa kwenye intaneti, na intaneti imewaweka wanawake wa Asia kwa wingi kwenye picha za aina hiyo. Ilichojifunza ndicho ilichomrudishia.

Julai 2023 ikaja Remini, mali ya Bending Spoons ya Milan, ikawachukua vijana waliojipiga picha kitandani ikawavalisha suti za umeneja. Machi 25, 2025, OpenAI ikaweka ndani ya ChatGPT uwezo mpya wa kutengeneza picha, na kabla ya wiki kuisha nusu ya watu unaowafahamu walikuwa wamechorwa kwa mtindo wa Studio Ghibli, studio ya Tokyo aliyoiasisi Hayao Miyazaki na wenzake, ambako filamu huchorwa kwa mkono kwa miaka. Kampuni yenyewe ilisema katika wiki hiyo watu zaidi ya milioni 130 walitengeneza picha zaidi ya milioni 700. Aprili wakaingia wanasesere wa kwenye maboksi. Mwishoni mwa Agosti Google ikajibu kwa kutia kitengeneza picha chake kipya ndani ya programu yake ya Gemini, kikapewa jina la utani Nano Banana, watu wakageuka sanamu za mezani, na Septemba Gemini ikaishusha ChatGPT kutoka nafasi ya kwanza ya App Store. Septemba 30 ikafunguliwa Sora, ya video, kwa Marekani na Kanada tu, tena kwa mwaliko. Ikapakuliwa mara milioni 1 kabla ya siku 5 kutimia, na mialiko ikaanza kuuzwa eBay.

Sasa hesabu hasara ya aliyechelewa. Wimbi la Ghibli lilianza kwa wanaolipa tu; Altman aliwaambia wa bure wasubiri kwa sababu mashine zilielemewa. Walisubiri siku zisizofika 10, kisha wakapewa. Picha za ajabu ambazo watu wa Lensa walizinunua mwaka 2022, Gemini inazitengeneza bure, na kwa ubora ambao Lensa haikuukaribia. Waliokimbilia Sora waliifanya kazi ya kuwa wa kwanza hadi familia ya Martin Luther King Jr. ikalalamika kuhusu video za kumdhalilisha, na katikati ya Oktoba OpenAI ikasimamisha matumizi ya sura yake. Aliyekuwa amelala kipindi chote hicho hakukosa kitu, na sura yake haikusafiri popote.

Kanuni ya kwanza basi ni hii. Ukisikia programu mpya ikitajwa na watu watatu kwa siku moja, andika jina lake kwenye karatasi, tia karatasi kwenye droo, endelea na shughuli zako. Mwezi ukiisha, itoe, uwaulize wale watatu kama bado wanaitumia. Wakikuambia wanaitumia na wakakuonyesha kazi waliyoifanya nayo, endelea kusoma mwongozo huu. Wakianza kukueleza programu nyingine mpya, geuza karatasi na uandike upande wa pili.

Shika pochi yako

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye biashara hii hata kizuri kinajitembeza, na ndipo pa kuwa macho.

Februari 2023 OpenAI ilianza kutoza dola 20 kwa mwezi kwa huduma ya ChatGPT Plus, na Machi ikatoa GPT-4 kwa wanaolipa tu. Mei 2024 ikatoa GPT-4o, iliyokuwa ya kiwango hicho na yenye kasi zaidi, ikawapa wote bure. Aliyelipa tangu mwanzo alikuwa ametoa dola 300 kwa miezi 15. Kama alizitumia kupata riziki, hesabu yake ni yake na namheshimu. Kama alilipa ili asiachwe nyuma, kumlipa fundi cherehani anayemshonea mwanawe kungemfaa zaidi.

Nenda India uone bei inavyoanguka. Agosti 2025 OpenAI ilianza kuuza huko huduma nafuu ya ChatGPT Go kwa rupia 399 kwa mwezi, na Novemba 4 mwaka huohuo ikaanza kuitoa bure kwa mwaka mzima. Hapo tayari kampuni ya simu ya Airtel ilikuwa imewapa wateja wake milioni 360 huduma ya kulipia ya Perplexity, programu nyingine ya akili mnemba, bila malipo, na mpinzani wake Jio akajibu kwa kugawa Gemini ya kulipia kwa miezi 18, akianza na vijana. Google iliwapa ofa kama hiyo ya mwaka mmoja wanafunzi wa vyuo katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Rwanda zikiwamo.

Mfanyabiashara hatoi bure kwa sababu amekupenda. Anataka mazoea yako, kwa kuwa mtu akishazoea mahali pa kuulizia, ni shida kumhamisha. Anataka na maswali yako, yanayomfundisha watu wa kwenu wanahitaji nini. Na anataka macho yako: Januari 2026 OpenAI ilitangaza kuanza kujaribu matangazo ya biashara Marekani, kwa wanaotumia bure na wa Go. Ipokee ofa, kwa nini uiache? Ila siku unayojiunga, weka kengele ya simu kwa siku ofa inapoisha, hasa kama waliomba namba ya kadi yako ya benki. Kengele hiyo ni sehemu ya kujiunga. Bila hiyo, usijiunge.

Wala usiape utii kwa programu yoyote. Januari 2025 DeepSeek ya China, ambayo wengi hawakuwahi kuisikia, iliongoza App Store ya Marekani siku chache tu baada ya kutoa modeli yake ya R1. Wenye hisa waliingiwa na hofu, na kampuni ya chipu ya Nvidia ikapoteza karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja, Januari 27. Watu wengi walihama kwa siku chache. Nawe uwe mpangaji wa aina hiyo: nakala ya kila kazi muhimu ikae kwenye simu au daftari lako, kwa maana nyumba si yako. Waliokuwa wakiitumia ChatGPT kupitia namba yake ya WhatsApp, watu milioni 50 kwa hesabu ya OpenAI, waliifahamu maana ya neno hili Januari 15, 2026. Meta ilibadili masharti, na namba ikafungwa.

Njoo na kazi yako mwenyewe

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo, kwa hiyo vuta kiti.

Septemba 2025 wachumi wa OpenAI na Harvard walichapisha utafiti wa namna watu wanavyoitumia ChatGPT. Kufikia Julai mwaka huo watu milioni 700 walikuwa wakituma ujumbe bilioni 18 kila wiki. Zaidi ya asilimia 70 ya ujumbe huo haukuhusu kazi ya kuajiriwa. Karibu asilimia 80 ya matumizi iliangukia mambo matatu: kuomba ushauri wa kutenda jambo, kutafuta habari, na kuandika. Kuandika programu za kompyuta, jambo ambalo wataalamu walituambia ndilo kubwa, lilikuwa asilimia 4.2. Mazungumzo ya mahusiano na mambo ya moyoni hayakufika asilimia 2. Na wale wanaodhani hii ni anga ya vijana wa kiume wa teknolojia wajue kwamba miezi ya mwanzo karibu asilimia 80 ya watumiaji walikuwa na majina ya kiume, lakini kufikia Juni 2025 majina ya kike yalikuwa yamepita nusu.

Kipengele kimoja cha utafiti huo kinanifurahisha kuliko vyote. Katika maombi ya kuandika, takriban thuluthi mbili hayakuiomba mashine itunge kitu kipya. Watu walileta maandishi waliyokuwa nayo, tuseme barua au maombi ya kazi, wakaomba yanyooshwe, yafupishwe au yatafsiriwe. Yaani baada ya kelele zote za vikaragosi na wanasesere, kilichobaki mezani ni mtu na barua yake. Mawimbi yalivuma kwa sababu ya uso; matumizi yakadumu kwa sababu ya kazi.

Kwa hiyo usiifungue programu hizi ukiwa huna shida. Subiri shida. Subiri barua ya mwenye nyumba uliyoisoma mara mbili bila kuielewa. Subiri mkataba wa mkopo wenye maandishi ya sisimizi. Subiri tangazo la kazi linalotaka barua ya Kiingereza wakati ujuzi wako wote umo ndani ya Kiswahili. Shida ikija, fungua, bandika, uliza. Utajifunza mengi zaidi kwa nusu saa kuliko mwenzako aliyeshinda mwezi akiiambia imtungie mashairi ya siku ya kuzaliwa ya bosi.

Wakenya walituonyesha mfano bora Juni 2024. Serikali ilipoleta Mswada wa Fedha wenye kodi nyingi mpya, kijana mmoja mbunifu alitengeneza Finance Bill GPT: unauliza kodi fulani itakugusaje, inakujibu kwa maneno ya kawaida kutoka ndani ya mswada wenyewe. Waraka ambao mwananchi hakutarajiwa kuusoma ukaanza kuulizwa maswali kwenye simu. Juni 26 Rais William Ruto alitangaza hatautia saini. Waliouangusha ni watu waliosimama barabarani, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Programu haikupigwa risasi na haistahili sifa hiyo. Lakini ilifanya kazi ya haki, na ilianza na shida halisi. Ndivyo ilivyo pia kwa shirika la Jacaranda Health, ambalo huduma yake ya PROMPTS hujibu kwa ujumbe mfupi wa simu maswali ya wajawazito na akina mama waliojifungua nchini Kenya. Mwaka 2023 lilichukua modeli ya Llama ya Meta, likaifundisha Kiswahili, likaiita UlizaLlama. Mama anayeuliza kuhusu maumivu ya tumbo saa nane usiku hahitaji kuchorwa kama kikaragosi.

Kabla hujaiamini programu yoyote, ifanyie usaili. Usiiulize unachotaka kujua. Iulize unachokijua kuliko mtu yeyote. Kama wewe ni mvuvi wa Kilwa, iulize kusi inaanza lini na samaki gani hupatikana. Kama unafuma mikeka, iulize namna ya kutia rangi ukindu. Iulize historia ya kata yako, jina la mlima unaouona dirishani, njia ya daladala unayopanda kila siku. Isikilize inavyojibu pale inapokosea: kwa ufasaha uleule, kwa adabu ileile, bila kusita. Mashine hii hupanga maneno yanayoelekea kufuatana kutokana na yale iliyoyasoma, na iliyoyasoma kwa Kiingereza ni mengi mno kuliko ya Kiswahili. Ikikosea njia ya daladala utacheka. Kumbuka kicheko hicho siku utakapoiuliza kipimo cha dawa.

Mawakili wawili wa New York hawakuifanyia usaili. Waliwasilisha mahakamani hoja yenye kesi za kupendeza zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli, ikamhakikishia kwamba ndiyo. Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel akawatoza faini ya dola 5,000. Kumuuliza shahidi mwongo kama anasema kweli si uchunguzi. Chukua jibu, uende nalo kwa asiyetoka kwenye mashine ileile: kitabu, ofisi husika, muuguzi, mzee anayejua.

Kwa wazazi na walimu nina neno fupi. Juni 2023 ziara kwenye ChatGPT zilishuka kwa mara ya kwanza, karibu asilimia 10 kwa kipimo cha Similarweb, na maelezo yaliyotajwa sana ni likizo za shule za Marekani. Mnajua basi kazi za nyumbani zilikuwa zikifanywa na nani. Msikimbilie mitambo ya kunasa wanafunzi. OpenAI ilitoa mtambo wake Januari 2023, uliotambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwasingizia binadamu kwa asilimia 9, ikauzima Julai. Mwiteni mtoto aeleze kwa mdomo alichoandika. Dakika tano zinatosha, na hakuna mtoto atakayeadhibiwa kwa kuandika vizuri.

Chunga unachoiambia

Hii ndiyo sehemu ambayo waliotangulia wamekulipia kwa aibu zao, basi usiirudie gharama.

Mwaka 2025 Meta ilitoa programu yake ya Meta AI yenye ukurasa ambamo watu huona mazungumzo ya wengine. Juni ikagundulika kwamba watumiaji wengi walikuwa wakichapisha humo maswali yao ya magonjwa, ya kesi na ya ndoa bila kujua kwamba dunia inasoma. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya ChatGPT: mazungumzo ambayo wenyewe waliyashiriki kwa kiungo, wakiwa wametia alama kwenye kisanduku kinachoruhusu yatafutike, yalionekana kwenye Google. OpenAI ikaiondoa huduma hiyo mwisho wa Julai. Katika visa vyote viwili hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kitufe kilikuwapo, kikabonyezwa.

Sheria yangu ni ngumu na sitailegeza. Usiandike humo namba yako ya siri ya pesa za simu, namba ya kitambulisho cha taifa, wala majibu ya hospitali yenye jina lako. Usiweke picha ya mtoto, awe wako au wa jirani. Mtoto hajakubali kitu. Usiweke siri ya mtu mwingine hata kama unamtafutia ushauri mwema. Ingia kwenye mipangilio siku ya kwanza, utafute sehemu inayoruhusu mazungumzo yako kutumika kuifundisha mashine, uizime. Ikiwa mpwa wako ndiye anayejua mahali ilipo, mwite. Ndiyo fidia ya lile swali lake la mbele za watu.

Na usiifanye mashine rafiki. Agosti 2025 OpenAI ilipotoa GPT-5 na kuiondoa ile ya zamani, watu wengi walilia wazi, wakisema wamepokonywa mwandani, hata kampuni ikairudisha kwa wanaolipa. Wapenzi wa Replika, programu ya mwandani wa kuongea naye, walipitia hayo Februari 2023, ilipobadilishwa ghafla nao wakaamka na mwenza asiyewajua. Siwacheki hata kidogo. Upweke ni ugonjwa mzito na mashine ilikuwa imewasikiliza pale ambapo watu hawakuwa na nafasi. Ndiyo maana nakuambia: swali la barua, lipeleke kwenye programu. Uchungu, upeleke kwa mtu anayeweza kuja hadi kwako.

Waliotangulia Nairobi

Mwongozo wote umekusihi uchelewe. Hapa nabadilisha.

Ripoti ya DataReportal ya Julai 2025 iliiweka Kenya ya kwanza duniani kwa matumizi ya ChatGPT: asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti wenye miaka 16 na zaidi walikuwa wameitumia mwezi uliotangulia, huku wastani wa dunia ukiwa asilimia 26.5. Magazeti yalishangilia. Lakini Wakenya walikuwa ndani ya ChatGPT kabla haijawa na mtumiaji hata mmoja. Kuanzia Novemba 2021, kampuni ya Sama, iliyopewa kazi na OpenAI, iliwaweka vijana wa Nairobi wasome na kuweka alama kwenye maandishi ya kutisha, ya watoto wanaonajisiwa, ya mauaji, ya mateso, ili mashine ifundishwe kuyaepuka. Jarida la Time lilifichua Januari 2023 kwamba walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza namna waliyoyasoma yalivyowaharibu akili na usingizi. Ukiifungua programu leo ikakujibu kwa heshima, usafi huo una jasho lao.

Nairobi hiyohiyo, mwishoni mwa Julai 2023, umati ulipanga foleni katika jumba la KICC ili mboni zipigwe picha na Worldcoin, mradi ambao Altman ni mmoja wa waasisi wake, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti 2 serikali iliusimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Kati ya foleni na amri hiyo ilipita karibu miaka miwili, na ilihitaji watu waliokwenda mahakamani kudai.

Kwenye kupakua programu, chelewa. Kwenye kudai, usichelewe. Mashine ikikupa Kiswahili kibovu au jibu la matusi, bonyeza alama ya kidole gumba kinachoelekea chini na uandike kosa liko wapi, kwa kuwa hakuna mtu wa California atakayeliona kwa niaba yako. Mei 1, 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 waliowahi kusafisha mitandao na mashine hizi walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Wakiomba saini au kusikilizwa, wape. Na sura yako, sauti yako au taarifa zako zikitumika bila ridhaa yako, Kenya ina Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya mwaka 2019, na Tanzania ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022. Zote mbili hupokea malalamiko ya mwananchi wa kawaida.